Kiboko na Bwawa Lisiloshika Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko, mikeka na majirani wasumbufu kama sisi, Kiboko aliuchoka mto.

"Mto gani huu?" alimlalamikia kila aliyepita, na asiyepita alimwita apite ili amlalamikie. "Nikipiga mbizi, nyani ananisugulia sufuria kichwani. Nikiibuka, nyati anasukutua mdomo mbele yangu. Mtu mzima kama mimi, sina hata pa kuoga na heshima zangu."

Basi akajichimbia bwawa lake mwenyewe, huko juu mlimani. Si kidimbwi cha bata, la. Bwawa pana, ukisimama huku huyatambui masikio ya aliyesimama kule. Alichimba kwa meno, akachimba kwa miguu, na palipokuwa na udongo mkaidi akaukalia mpaka ukatii. Akalizungushia ua wa miiba, akatia lango. Kisha akaukata ule mto, ambao kiangazi kile ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, akaugeuzia kwake wote.

Huko bondeni wenzake wakabaki wanachimba mchanga kwa kucha, wakibahatika kupata matone.

Nguchiro alikuwa akichimba pamoja nao. Mtu mdogo huyo, mwembamba, mkia mrefu kuliko subira yake. Alirudi nyumbani na maji ya kuloweshea ulimi tu, akamkuta mkewe, Bi Chonge, amekaa mlangoni na mtungi mapajani. Watoto wanaulamba ule mtungi kwa nje, ule ubaridi wake tu.

"Baba watoto," Bi Chonge alisema, "maneno yako nayapenda. Ndiyo yaliyonileta hapa. Lakini leo nenda urudi na maji. Mtungi ukikauka nawachukua watoto tunahamia kwa mama."

"Ng'ambo ya mbuga? Mke wangu, mwewe watawaokota hawa kama njugu."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia nenda."

Nguchiro akawatazama wanawe, vichwa vidogo vimepangana ukingoni mwa mtungi.

Akapanda mlimani, pita pita pita, akamkuta Kiboko amekaa kwenye kigoda kando ya bwawa, birika la kahawa huku, kashata kule, macho kwenye maji. Katikati ya bwawa alikuwa amesimika ufito wa kupimia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usikanyage kivuli cha ua wangu."

"Nasikia unatazama bwawa linavyojaa."

"Linajaa vizuri sana. Tazama ule ufito. Asubuhi maji yalifika pale kwenye fundo."

"Na sasa?"

Kiboko akakohoa. "Sasa yameshuka kidogo. Yanapumzika."

Nguchiro akachungulia. Maji yaliyokuwa yanapumzika yangeweza kulala yote ndani ya bakuli.

"Jana je?"

"Jana pia yalipumzika." Kiboko akainamisha kichwa, na sauti yake ikawa ndogo, ndogo kwa kadiri ya kiboko. "Mwanangu, sielewi. Naliimbia, nalibembeleza. Mto mzima unaingia, nami nakaa hapa nalitazama kama mama na mtoto asiyenyonya. Nikisinzia kidogo tu, halina kitu."

Nguchiro akamwonea huruma. Alikuwa amekuja na hasira kifuani, lakini ni vigumu kumkasirikia mtu mkubwa kiasi kile anayekaribia kulia na kashata mdomoni.

"Likijaa," akauliza taratibu, "utauachia mto urudi kwetu bondeni?"

Kiboko akachangamka. "Likijaa nachimba la pili."

"La nini tena?"

"La kunawia miguu. Siwezi kuingia kwenye bwawa safi na miguu michafu."

Huruma ikapungua. Nguchiro akateremka shimoni, akaparua parua chini, akanusa. Mtu anayeishi ardhini huijua ardhi kama wewe unavyoijua shuka yako.

"Mjomba, hapa chini ni mchanga mtupu. Unamwaga maji kwenye kung'uto la kuchujia tui."

"Nilikanyaga kote mimi mwenyewe, toka jua kuchomoza mpaka kuzama."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe. Mguu wako, Mungu aubariki, haushindilii. Unatoboa. Kila ulipopita umeacha kisima. Hapa patandikwe udongo wa kichuguu, uloweshwe, kisha ipite miguu mingi midogo. Bwawa lipigwe sakafu."

Mnajua kupiga sakafu? Enzi hizo haikuwa kazi ya kuajiri mtu. Mwenye nyumba aliita majirani, nao walijipanga mstari na vipande vya miti, wakakanyaga na kupiga, ti, ti, ti, huku wanaimba. Mmoja anaimbisha, wote wanaitikia. Mwenye nyumba hutoa chakula, na akisutwa kwenye wimbo hacheki wala hanuni, analeta sinia jingine. Na kila mtu alijua kwamba neno lililoimbwa juu ya sakafu mbichi hukauka pamoja nayo, likawa ahadi isiyofutika.

"Sitaki majirani," Kiboko alisema. "Wataingia, halafu watadai maji."

"Maji gani, mjomba? Shimo ni kavu. Wao wanataka kula na kuimba tu. Shida ni moja, mwitikiaji. Wimbo wa sakafu usipokuwa na sauti nene ya chini, udongo haushikani. Tumemfikiria Tembo."

Kiboko akasimama. Kigoda nacho kikasimama, kimemnasa nyuma.

"Tembo yupi? Yule anayeimba kwa pua?"

"Ndiye tuliye naye."

"Ndiye mliye naye." Kiboko akazunguka huku na huku na kigoda chake. "Mtu anaimba kama analia mafua, ndiye mliye naye. Hebu sikiliza." Akasafisha koo. Ndege wakahama mti wa jirani. "Mmmmmmmmm."

Kashata zikatembea sahanini.

"Ee," Nguchiro akashika kifua, na wallahi hapa hakuwa anadanganya, maana mbavu zilimtetemeka kweli. "Kumbe tunaye mtu na hatumjui."

"Sijisifu," Kiboko alisema.

"Usijisifu, mjomba. Njoo uitikie tu."

Siku ya kazi ilipofika, Kiboko akauziba mto usiingie bwawani, na bonde zima likapanda mlimani. Mama Nyati aliongoza wanawake, kanga kiunoni. Ngiri walibeba udongo wa kichuguu. Swala, kwale, kobe na jamaa zake wote wakashuka shimoni. Watoto wa Nguchiro nao wakawekwa kwenye mstari, maana miguu ni miguu. Kiboko akapewa nafasi yake ukingoni, juu, mahali pa heshima, na bakuli la asali ya kulainishia koo.

Nguchiro akarukia mgongo wa kobe, akaanza:

"Kazi hii ya nani?"

"Yetu sote," wakaitikia. Ti, ti, ti.

Kiboko alichelewa kidogo. Alikuwa anameza asali. Lakini mara ya pili ilipokuja, akaingia chini kabisa, kama ngurumo iliyolala chini ya kitanda.

"Njaa hii ya nani?"

"YETU SOTE."

Shimo zima likatetemeka. Mama Nyati akasimama na kipande chake cha mti hewani. "Jamani," akawaambia wenzake, "miaka yote hii mwanamume alikuwa na sauti hii, na anaitumia kugombana na nyani?"

Kiboko akasikia. Akajifanya hajasikia. Akaimba zaidi.

Mama Nyati naye akachomeka lake, kama desturi: "Mwenye bwawa kanenepa, wapiga sakafu mifupa." Kiboko, badala ya kununa, akaagiza sinia la magimbi na mzigo wa miwa. Akasutwa tena kwa ajili ya masikio yake madogo, akaleta mtama wa kuchemsha. Hakuwahi kutukanwa kwa furaha kiasi kile.

Jua likazunguka. Udongo ukawa laini, ukawa mzito, ukaanza kung'aa. Na Nguchiro akaona wakati ndio huu. Akatazama kama yule mkubwa amefumba macho. Amefumba. Anajisikiliza.

"Mvua ijayo ya nani?"

"YETU SOTE."

"Maji ya humu ya nani?"

"YETU SOTE."

Bi Chonge akageuka akamtazama mumewe. Kisha akakanyaga kwa nguvu mpya, ti, ti, ti, na mstari wote ukampokea. Wakaliimba hilo hilo mpaka kazi ikaisha, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kupita wote alikuwa mwenye bwawa.

Udongo ukakauka. Kiboko akawatoa watu wote, akafunga lango, akauachia mto uingie.

Na safari hii, wanangu, maji yalikaa. Kwanza yakatanda chini kama kitambaa. Yakapanda ufito, polepole, yakalifikia fundo, yakalipita. Kiboko hakulala vizuri kwa furaha. Kila saa aliinuka akagusa maji kwa kidole, akarudi. Wale wa bondeni nao walikuja kutwa kuchungulia miibani, jicho hapa, jicho pale. Mbingu ikaonekana mle ndani, pamoja na mawingu yake. Mwishowe ufito ukazama wote.

Nguchiro akaja na mtungi wake. Nyuma yake bonde zima.

"Hodi, mjomba."

"Rudini baadaye."

"Tumekuja kuteka maji."

"Maji yapi?" Kiboko alisimama langoni, na kweli lango lilikuwa pana lakini yeye alilizidi. Nyuma yake tayari kulikuwa na vigingi, amepima mahali pa bwawa la miguu. "Mlikuja kazini, mkala, mkaimba, mkaaga. Tumemalizana. Sikumwahidi mtu hata tone."

"Uliahidi," Nguchiro akasema. "Juu ya sakafu mbichi."

"Sikumbuki."

"Ulisema mara nyingi."

"Nilikuwa naimba. Mtu akiimba anasikiliza maneno?"

Nguchiro alikuwa ametega mtego mzuri, na mnyama ameukalia mtego tu, hana habari. Akamgeukia mkewe. Bi Chonge alikuwa ameshawafunga watoto wawili mgongoni, tayari kwa safari. Mdogo wao alikuwa na midomo mikavu iliyopasuka, anautazama ule mng'ao wa maji kwenye miiba.

"Twende," Bi Chonge alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko ugomvi.

"Ngoja," akasema Nguchiro. "Ngoja, mama watoto. Tumuage kwaheri kwanza, mzee wa watu." Akaugeuza ule mtungi mtupu chini juu, akaupiga kwa viganja, polepole. Ti. Ti. Ti.

"Usianze," Kiboko alisema.

"Kazi hii ya nani?" Nguchiro akaimba, kama mtu anayejiimbia njiani.

"Yetu sote," wakaitikia wenzake kwa chini, nyembamba, bila ile sauti nene. Ulikuwa wimbo kama pilau bila viungo. Kiboko akakunja uso.

"Njaa hii ya nani?"

"Yetu sote."

"Mnaimba vibaya," Kiboko alinung'unika. "Mmeliacha pengo huko chini."

"Hatuna mtu, mjomba. Mvua ijayo ya nani?"

Kiboko akaliziba domo lake kwa mikono miwili. Mashavu yakajaa. Masikio yakaanza kuzunguka, fyu fyu fyu. Tumbo likapanda, likashuka. Mama Nyati akasogea mpaka kwenye ua, akamwimbia karibu kabisa, kwa sauti ya kubembeleza:

"Maji ya humu ya nani?"

Hata vyura walingoja.

"YETU SOTE."

Ilitoka na nguvu zote alizokuwa amezizuia. Ua wa miiba ukalala chini kama umepigwa na kimbunga, lango likaanguka bwi, vigingi vya bwawa la miguu vikang'oka kimoja kimoja. Mwangwi ukaenda mlima wa pili, ukarudi na habari ileile: yetu sote.

Kiboko akabaki amesimama, mdomo wazi, anasikiliza.

"Mmesikia?" akauliza taratibu. "Mmesikia ule mwisho wake?"

"Tumesikia," Mama Nyati alisema. "Bonde zima ni shahidi."

Hapo ndipo alipoelewa. Akamtazama Nguchiro kwa muda mrefu, kutoka juu sana.

"Umenitega, wewe kijiti."

"Nimekutega, mjomba."

"Kwa sauti yangu mwenyewe."

"Sikuwa na nyingine kubwa ya kutosha. Sasa sogea kidogo, watoto hawana pa kupita."

Kiboko akatafuta hasira, akaipekua huku na huku, hakuipata. Akasogea. Watoto wa Nguchiro wakampita katikati ya miguu, chubwi, chubwi, chubwi, na Bi Chonge akazamisha mtungi mpaka shingoni, akaushikilia pale muda mrefu, kama mtu anayesali.

Jioni ile Kiboko aliingia kwenye bwawa lake, nyani akaingia na sufuria. Wakatazamana.

"Sugua," Kiboko alisema, "lakini shika mdundo."

Basi shikeni hili, wanangu: aliyeimba na wenzake "yetu sote" hawezi kunywa peke yake.