Kifaru na Vitabu Asivyomaliza

Nina ngano.

Itoe.

Ina miiba.

Tutaishika polepole.

Ina mlango unaogongwa.

Usifungue bado.

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kutafuna karanga, utanipotezea mstari.

Hapo kale wanyama wa mbuga moja walikuwa na chama chao cha vitabu. Kila Ijumaa alasiri walikutana kwenye kichuguu. Desturi yao ilikuwa hivi: unakuja na kitabu ulichokipenda, unawasimulia wenzako mpaka pale roho zinapowaruka, halafu unanyamaza. Wa kwanza kusema "nimekipenda" anakiazima, na anakirudisha akishamaliza. Anayekuja mikono mitupu anatolewa chamani.

Desturi nzuri, au siyo? Ila walioitunga hawakumfikiria Kifaru.

Digidigi akasifu kitabu cha safari. Kifaru akasema, "Nimekipenda. Lete." Akaondoka nacho, ndi, ndi, ndi. Tumbili akasifu kitabu cha vichekesho. Kifaru akasema, "Nimekipenda. Lete." Akaondoka nacho, ndi, ndi, ndi. Ukimuuliza amefika wapi, anashusha pembe na kujibu, "Bado sijamaliza." Nani atambishia mwenye pembe?

Digidigi akabaki mikono mitupu, akatolewa. Tumbili naye akatolewa, akawa anasikiliza kutoka mtini huku machozi yanamlenga. Kanga alibaki kwa sababu ndiye mwenyekiti, na wenyeviti mnawajua.

Ikafika zamu ya Mama Kalunguyeye. Alikuwa na kitabu kimoja tu, alichoachiwa na bibi yake, ndicho alichowasomea wanawe kila jioni. Asipokisifu, anatolewa. Akikisifu, kinakwenda. Tangu asubuhi miiba ilimsimama, hata alipokuwa anakunywa uji.

Lakini alikuwa ameona jambo. Kifaru alishika vitabu juu chini. Macho yake hayakuona herufi, na aibu ilimzuia kusema.

Basi akasimama, akaanza. "Kuna mwanamke yuko nyumbani na mumewe. Mume yuko jikoni anakoroga uji. Mlango unagongwa: ngo, ngo, ngo. Mwanamke anauliza, nani? Sauti inajibu, ni mimi mumeo, nifungulie. Na ni sauti ya mumewe hasa. Jikoni, mwiko ukaacha kukoroga."

Akanyamaza. Kanga akaficha kichwa chini ya bawa.

"Nimekipenda," akasema Kifaru. "Lete." Akaondoka nacho, ndi, ndi, ndi. Mama Kalunguyeye akarudi nyumbani akalia, maana hakuwa na hakika kama amefanya werevu au ujinga.

Asubuhi akasikia, ndi, ndi, ndi. Akajikunja akawa mpira.

"Mama Kalunguyeye, nani alikuwa mlangoni?"

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Nani alikuwa mlangoni?"

"Si unacho kitabu, mzee? Soma."

Kifaru akakanyaga huku, akakanyaga kule. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Kuna vumbi siku hizi," akasema. "Linaniingia machoni."

"Pole sana. Basi nitakusomea. Lakini bibi yangu alisema kitabu hiki husomwa cha mwisho. Ambaye hajamaliza vingine hakielewi."

Uongo mtupu. Bibi yake hakusema hivyo hata siku moja.

Ijumaa Kifaru akavileta vyote kichuguuni. Mama Kalunguyeye akasoma kitabu cha Digidigi mpaka mwisho. "Umemaliza, mzee?" Kifaru akajibu, "Nimemaliza. Nani alikuwa mlangoni?" Digidigi akatoka kichakani, akakichukua chake. Mama Kalunguyeye akasoma cha Tumbili. "Umemaliza?" "Nimemaliza. Nani alikuwa mlangoni?" Tumbili akashuka, pwa, akakichukua chake.

Kikabaki cha bibi. Akakisoma mpaka mwisho. Alipofunga jalada, Kifaru alikuwa amejibanza nyuma ya Digidigi, kama vile Digidigi anaweza kumficha.

"Umemaliza, mzee?"

"Nimemaliza," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akauliza kama Ijumaa nyingine watamsomea tena, na kama ingewezekana kuanza mapema, jua likiwa bado juu.

Mama Kalunguyeye akakikumbatia kitabu chake akaenda nacho kwa wanawe. Kifaru hana mlango kwake, lakini tangu siku hiyo hulala akitazama nje.

Funzo ni hili, wanangu: ukiazima kitabu, usikimalize kamwe, maana ukikimaliza utaambiwa urudishe.

Ngano nimeifunga.

Na mlango je? Nani alikuwa mlangoni?

Mnataka kujua? Kuna mtu hapa ana kitabu changu tangu mwaka juzi. Akilete kwanza.