Askari Wote Wawe Kama Amiri

Hapo zamani, katika mji mmoja wenye boma, palikuwa na Amiri wa jeshi aitwaye Seifu bin Mbaraka, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa amri. Maadui walikuwa wakitajwa kila kukicha, na Sultani alikwisha amuru boma lizungushiwe handaki. Basi Amiri akawa analala mkekani chini ya mwavuli, akitafuna tambuu na kunyoosha kidole: "Chimbeni, wavivu nyie." Askari nao wakachakura udongo kama kuku, ikawa handaki halifiki hata kimo cha goti.

Fukara mmoja, Athmani Bakuli, aliyeitwa hivyo kwa kuwa bakuli ndilo lililokuwa mali yake yote, akasema mbele ya wanywa kahawa kwamba samaki huanza kuoza kichwani. Neno likamfikia Amiri, naye akamburura Bakuli hadi barazani kwa Sultani.

Bakuli akaomba radhi, lakini Amiri alitaka kumwaibisha kwanza. Akasema, "Mola wangu, huyu anajifanya mjuzi wa majeshi. Mpe hadi Ijumaa, kila askari awe kama mimi. Akipatikana mmoja aliye tofauti nami, akatwe shingo."

Sultani akaridhia. Bakuli akatoka akiwaza la kufanya, maana mzaha ni mzaha, ila shingo alikuwa nayo moja tu.

Akaenda kambini, asifundishe upanga wala mkuki. Aliwaambia askari wamtazame Amiri, na kila alifanyalo walifanye vivyo hivyo, mpaka Sultani atoe hukumu. Askari wakaelewa upesi, tena kwa furaha kubwa.

Ijumaa Sultani akafika bomani jua limekwisha panda, akawakuta wote wamelala mikekani chini ya miavuli, mashavu yamejaa tambuu. Alipoamuru handaki lichimbwe, mamia ya vidole yakanyooka na sauti zote zikasema pamoja, "Chimbeni, wavivu nyie."

Sultani akaghadhibika, akaagiza upanga uletwe. Bakuli akaanguka kifudifudi, roho mkononi.

"Mola wangu, sharti la kukatwa shingo lilikuwa apatikane aliye tofauti. Amiri na aonyeshe alifanyalo yeye, wao wasilolifanya. Hapo nitakufa bila kulalamika."

Amiri, kwa hasira, akavua joho, akanyakua jembe na kuteremka handakini. "Mimi huchimba," akasema, akalipiga jembe ardhini. Kabla hajaliinua tena, mamia ya majembe yalikwisha shuka. Akachimba kwa nguvu zaidi ili awashinde, nao wakazidi. Alipotua kupumua wote wakatua, naye Sultani akakohoa, ikambidi aendelee. Hata kufika alasiri handaki lilimzidi kimo mtu mrefu. Amiri alikuwa akitweta, viganja vimetoka malengelenge, na askari mmoja akamletea maji bila kuamriwa, jambo lisilowahi kutokea.

Sultani alicheka hata kilemba kikamdondoka. Akamwambia Amiri kwamba tangu siku hiyo kila kazi ataianza yeye. Kisha akamgeukia Bakuli, akataka kumfanya naibu wa Amiri.

Bakuli akainama. "Mola wangu, usiuangamize mji wako. Mimi hulala hata adhuhuri, na umekwisha ona hawa wanavyofuata."

Sultani akacheka upya, akampa kanzu mpya na mchele wa mwaka mzima, akamwacha akalale. Hekaya yangu imefika ukingoni. Mwenye cheo na ajikune panapomwasha.