Bangili za Shaba

Fungeni vitabu vyenu vya nyimbo kidogo, maana leo nina hasira na sitaki kuificha. Jumapili iliyopita katibu wetu alisimama hapa akatusomea utabiri wa msimu: kiangazi hiki joto litapanda kupita tulivyozoea, na mvua zitaanza kwa ngurumo na radi. Nikawatazama. Mmoja anapiga miayo, mwingine anachezea simu, na kule nyuma wapo waliocheka kabisa. Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha milimani, na shule yake ilijengwa juu ya kilima, mahali peupe. Wajenzi waliiwekea mtego wa radi: chuma kilichochongoka juu ya paa, na kutoka hapo waya mnene wa shaba ukishuka ukutani hadi ardhini, ili radi ikipiga ipite humo na kuishia kwenye udongo.

Kijiji hicho kilikuwa na baridi kali, na watu wazima waliteswa na viungo. Wakaaminishana kwamba bangili ya shaba huondoa maumivu. Shaba itoke wapi? Mzee mmoja akapanda kilimani na msumeno, akakata kipande cha ule waya, cha kuzunguka mkono wake tu. Wiki iliyofuata akaenda mwingine. Kila mtu alikata kidogo, na hakuna aliyejiita mwizi. Mwishowe pale ukutani ikabaki misumari.

Siku moja akaja bwana wa hali ya hewa kutoka wilayani. Mkutano ukaitishwa, akasema, "Ndugu zangu, joto linaongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka huu litazidi, na mvua za kwanza zitakuja na radi nyingi, hasa mchana. Mkiona mawingu mazito, watoto watoke kiwanjani. Na mkaukague ule mtego wa radi wa shule."

Bibi mmoja mjane, aliyekuwa akipika uji wa wanafunzi, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, waya wa pale haupo, umekatwa wote. Radi itaipiga shule ile, na watoto wetu wamo ndani."

Mwenyekiti wa kijiji akakunja uso. "Bibi, kaa chini. Wewe huna hata mjukuu pale shuleni. Mbona unatuletea uchuro?"

Watu wakaangua kicheko. Yule bwana akapanda pikipiki yake akarudi wilayani, na karatasi aliyowaachia ikaishia kufungia karanga.

Joto likaja kama lilivyotangazwa. Likakausha migomba, likawatoa jasho watu ambao tangu wazaliwe hulala na mablanketi mawili. Kisha mawingu yakajaa, na saa nane mchana radi ikapiga paa la shule. Njia yake ilikuwa imekatwa, ikapita darasani. Binti wa darasa la nne alikufa penseli ikiwa mkononi. Alikuwa mtoto wa mwenyekiti.

Baada ya mazishi, mnadhani waliulizana waya umekwenda wapi? Thubutu! Waliulizana nani katuma radi. Mwenyekiti, macho mekundu kwa kulia, akawaongoza watu mpaka nyumbani kwa yule bibi, na kiberiti na mafuta ya taa.

"Mchawi wewe!" akapiga kelele. "Ulijuaje kwamba radi itapiga shule?"

Mmelisikia swali hilo? Yale maneno aliyoyasema ili watoto wapone, ndiyo yamegeuzwa ushahidi wa kumchoma! Na yule bwana wa hali ya hewa, si naye alisema? Mbona hawakumfuata na kiberiti? Kwa sababu yeye ana ofisi. Bibi hana mtu.

Bibi akatoka mlangoni. Hakulia. Akasema, "Haya, mtanichoma. Lakini kwanza, anayesema ni mimi niliyemuua yule mtoto, ainue mkono nimwone."

Mikono yote ikainuka kwa ghadhabu. Ikainuka juu kabisa, mikono ya mashati na makoti ikateremka hadi kwenye viwiko, na jua likamulika bangili. Bangili za shaba, mtu baada ya mtu. Iliyokuwa pana kuliko zote ilikuwa kwenye mkono wa mwenyekiti.

Bibi akasema, "Waya wa shule huo hapo."

Kiberiti kikaanguka. Mwenyekiti akashika bangili yake akaanza kuivuta. Akaivuta, akaivuta, na haikutoka, maana alikuwa amenenepa tangu siku alipoivaa.

Sasa, mimi nasema na kijiji kile? Nasema na sisi! Sisi tuliokimaliza kilima chetu, kila mtu mti mmoja tu wa kuchomea matofali, kisha joto likitubana tunashangaa limetoka wapi. Sisi tuliosomewa utabiri tukapiga miayo. Alhamisi radi imeua ng'ombe watatu wa jirani yetu, na jioni ile ile, hapo nje ya mlango wa kanisa, nimesikia kwa masikio yangu jina la mama mmoja likinong'onezwa. Mama huyo ameketi humu ndani. Ameimba nasi asubuhi hii. Nani kati yenu atamtazama usoni? Yeyote atakayekwenda kwake na kiberiti atanikuta mimi mlangoni, na aanze na mimi.

Haya, simameni tuombe. Najua mmezoea kuinua mikono. Basi inueni, wote, hata wewe kule nyuma uliyecheka. Ila leo asifumbe mtu macho. Kila mmoja autazame mkono wake.