Pandu na Barua Saba za Sultani

Hapo zamani, jamani, barua zilikuwa zikitia watu mitaroni. Mchukuzi mmoja alikuwa anasoma barua ya kimada wake huku anaendesha gari la punda, puu! kaingia nalo jikoni kwa watu, sufuria ya mchuzi kaivaa kichwani. Basi Sultani Mwinchande akapiga mbiu: "Atakayesoma barua naye kashika hatamu, awe nani awe nani, mnyama wake ni wa atakayemwona kwanza!"

Sheria nzuri, nani akatae? Ila Sultani mwenyewe alikuwa na tamaa. Pandu, mchukuzi asiye na hata kanzu ya pili, alikuwa na punda jike mweupe, Tausi, mwendo laini, hamwagi tone. Sultani kamtaka, Pandu kakataa: "Bwana wangu, huyu ndiye anilishaye. Nikikupa, gari nitajifunga mimi?"

Ikawa siku ya harusi ya binti Sultani, Pandu akaagizwa apeleke pilau ya wageni shamba. Sultani akamwambia, "Nikikuletea barua, nijibu papo hapo. Ukikawia, viboko!" Kumbe kamwekea askari nyuma, amvizie. Mtego huo! Akisoma, punda kaenda; asiposoma, mgongo umekwenda.

Hajafika hata sokoni, tarishi huyo mbio, na barua. Pandu akashuka. Akamfungua Tausi, akamfunga mtini, akatandika mkeka, akakaa, akasoma: "Umefika wapi?" Basi! Ndiyo barua nzima!

Pandu akajibu kama alivyofunzwa chuoni: salamu, hali yake, hali ya mkewe, ya jirani, ya kuku wa jirani, kisha: "Nimefika hapa." Kapanda, hatua kumi, tarishi tena: "Na sasa je?" Mkeka chini!

Mpaka adhuhuri, barua saba. Askari kichakani anakoroma. Huko shamba mama wa bwana harusi keshaanza: "Ah! Kwa Sultani hakupikwi?" Sultani yuko papo hapo anasikia, aibu ikamkaa, akaruka juu ya farasi. Njiani akampokonya tarishi jibu la saba, akamwacha nyuma anahema. Alipokata kona akalifungua. Hatamu mkono huu, barua mkono ule, anatafuta Pandu yuko wapi, na salamu haziishi! Kushtuka, farasi kakanyaga mkeka.

"Karibu, bwana wangu," akasema Pandu. "Nimekuona mimi kwanza."

"Mjinga wee! Askari! Umeona nini?"

Askari akatoka kichakani anafikicha macho. "Nimeona mtu anasoma juu ya farasi, bwana. Nimshike?"

Sultani akamtazama Pandu, akamtazama askari, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Akashuka, akatoa hatamu. "Chukua. Na punda wako sikuulizi tena."

Basi Sultani akafika harusini kwa gari la punda, kakalia sufuria ya pilau, farasi kafungwa nyuma. Mama wa bwana harusi akapiga kigelegele: "Haya wageni, naweni! Pilau imekuja na nyama yake!"