Ndizi za Shimo Moja

Mama mmoja, Aikaruwa, alikuwa na mabinti wawili na shimo moja la kuvundikia ndizi. Mkubwa, Nsia, aliwahi kupatwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni unaomlaza mtu kitandani hali mwili hauna jeraha. Hospitalini akapewa vidonge, na kabla ya mavuno akawa anaimba jikoni. Mama akamshukuru Mungu. Nani asingeshukuru?

Mwaka uliofuata ugonjwa ukamshika mdogo, Eliaichi. Daktari akaona heri aanze na dawa iliyomponya dada yake. Wiki zikapita, binti akazidi kukonda, chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Mama, kwa hofu, akageuka mkali. Akamwambia vidonge ni vile vile, ziwa walilonyonya ni lile lile, basi anayebaki mgonjwa amependa mwenyewe. Eliaichi alianza kuamini kosa ni lake, na mtu akishaamini hivyo, jamani, hata kuishi huona ni kujilazimisha.

Siku ya kufukua ndizi ikafika. Mama alikuwa amevundika ndizi za aina mbili, kisukari na mkono wa tembo, pamoja, kwa majani yale yale na moshi ule ule. Kisukari kilitoka kimeiva, kinanukia. Mkono wa tembo ulikuwa bado mgumu, kijani kitupu. Mama hakununa. Aliurudisha shimoni, akaongeza majani makavu, akafukiza moshi mwingine, akijisemea taratibu kwamba kila mbegu na siku zake.

Eliaichi alikuwa amekaa kizingitini, shuka mabegani. Akasema, "Mama, hizo mbona huzigombezi?"

Mikono ya mama ikatulia juu ya majani. Aliona aibu, akalia pale pale alipopiga magoti.

Kesho yake alimrudisha binti hospitalini, na njiani akamwomba radhi. Daktari akawaeleza kwamba namna mwili unavyoipokea na kuivunja dawa hurithiwa pia, na hata ndugu wa baba na mama mmoja hawarithi sawasawa. Dawa ikimponya mmoja, yaweza kumpita mwenzake. Akabadilisha vidonge. Nafuu haikuja upesi, lakini ilikuja: jioni moja Eliaichi aliomba aongezewe mtori, ile supu nzito ya ndizi.

Nanyi wenzangu, subira mnayoipa ndizi, mwanenu aliwakosea nini hata mkamnyima?