Santuri Yenye Ufa

Aliye karibu na mlango aurudishe, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Hadithi yenyewe ni fupi, ila hukumu yake imewashinda wengi.

Miaka ile ya kwanza ya Uhuru, huko Isevya, Tabora, walikuwapo watu watatu. Nyamizi alijua kutunza. Mdogo wake, Luhende, alijua kutengeneza. Na Bi Zamda, mke mdogo wa marehemu baba yao, alijua kukumbuka.

Baba mwenyewe, Mzee Songoro, alikuwa mpiga gambusi. Maisha yake yote aliimba kwenye santuri moja tu. Waliomsikia walisema hana mfano. Lakini waliomsikia walikuwa wachache, nao wakafa mmoja mmoja. Kabla hajafariki alisema: "Santuri hii ni ya yule atakayeufanya wimbo wangu usikike nikiwa udongoni."

Nyamizi aliitunza miaka thelathini na miwili. Aliifunga kwa kanga, akaizika ndani ya debe la pumba za mpunga isigongwe. Alihama nyumba tano. Ya tatu iliposhika moto, alitoa debe kwanza, kitanda kikaungua. Mwaka huohuo homa ilimlaza, na kwinini ikamla masikio. Likabaki la kushoto, nalo la kupigiwa kelele. Aliyeutunza wimbo akawa hawezi kuusikia. Hakulalamika. Alichoka tu.

Luhende, fundi cherehani, alipata gramafoni ya mkono iliyokufa zamani. Springi aliitoa kwenye saa ya ukutani. Sindano zake hazikuuzwa tena, akachonga miiba ya mlimau, akaianika, akajaribu mmoja baada ya mwingine kwa miezi saba.

"Mwiba?" Nyamizi alishtuka. "Utamchoma baba!"

"Chuma ndicho kitakachomkwaruza, dada. Mwiba una huruma."

Lakini santuri ilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa umemeza ubeti mzima. Aliyeujua alikuwa mmoja tu duniani, yule aliyemwitikia mzee siku ya kurekodi. Nyamizi hakuwa amekanyaga mlango wa Bi Zamda tangu matanga ya baba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," Bi Zamda akapaza sauti. "Leo njia umeionea wapi?"

"Nimekuja kwa ajili ya wimbo."

"Nilijua si kwa ajili yangu. Ngoja nivae viatu."

Ijumaa, baada ya swala, wakakaa ukumbini pamoja na majirani wanne. Luhende akazungusha mkono wa gramafoni. Nyamizi akaweka kiganja juu ya sanduku la gramafoni. Mbao zikatetemeka kama mgongo wa baba alipokuwa akimbeba huku akiimba. Mara mtetemo ukakatika. Luhende alikuwa ameinua mwiba: wamefika penye ufa. Nyamizi akainua macho, akaona koo la Bi Zamda likicheza:

*Mlango sijaufunga, taa bado inawaka;*
*Asiyenijua jina, sauti ataishika.*

Luhende akashusha mwiba ng'ambo ya ufa. Mtetemo ukarudi kiganjani. Wimbo ukashikana, ukaenda mpaka mwisho.

"Nani huyu?" akauliza jirani mmoja.

"Baba yetu," akajibu Luhende.

"Ahaa. Na za dansi mnazo?"

Majirani walipoondoka, Luhende akaiinua sahani ya santuri kwenye mwanga wa dirisha. Akainama kwenye sikio la kushoto la dada yake. "Ufa umetembea! Itaimba mara moja tu tena, kisha itapasuka."

Nyamizi akavuta ile kanga ya kuifungia. "Basi irudi debeni. Sikuitunza miaka yote hiyo mje kuiua nyinyi."

"Na isiposikika ni nini, dada? Sahani ya wali? Nipe mimi. Idi hii wajukuu wote watakuwa hapa. Waisikie mara moja, hata ikipasuka."

Bi Zamda alikuwa bado anahema, ila akapaza sauti. "Jina langu halikuandikwa pale kwenye santuri. Lakini sauti ile ya pili ni yangu, nikiwa na miaka kumi na sita. Nipeni mimi. Siku nitakayokuwa naondoka duniani ipigwe, nijisikie."

"Mama mdogo," Nyamizi akasema polepole, "wewe wimbo unao kichwani. Luhende ana chombo chake. Mimi bila sahani hii nina nini?"

Jibu, kama lilikuwapo, lilipotelea upande wa sikio lililokufa.

Santuri ipo mkekani, katikati yao. Bila Nyamizi ingekuwa majivu. Bila Luhende ingekuwa bubu. Bila Bi Zamda wimbo ungekuwa na pengo lisilozibika. Mkono wa Nyamizi umeshika kanga, haufuniki, hauachii.

Msiniambie wagawane, ufa umekwisha kuanza kazi hiyo. Neno la mzee mmelisikia kama walivyolisikia wao. Haya, nyinyi mliokaa hapa: santuri mngemkabidhi nani?