Fisi Anasema Yaliyo Moyoni, Pilau Linapoa

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Na ngoma.
Mpigaji kala?
Hajala.
Basi sogeeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna, nisikike.

Hapo kale wanyama walikuwa na kikundi cha ngoma za harusi. Mkuu alikuwa Fisi. Mwimbaji alikuwa Njiwa. Nyenje, kidudu kidogo hivi, alitikisa kayamba: cheke, cheke, cheke. Desturi yao, ngoma huoteshwa moto kwanza ili ngozi ikaze, na zikiwa motoni kikundi huletewa sinia la pilau. Fisi hulimaliza peke yake, mlafi yule.

Tumbili aliposema hapati usingizi, Fisi alimjibu, "Kikundi changu ni cha raha. Mwenye huzuni, njia ile pale." Tumbili akaenda. Swala aliposema moyo wake mzito, Fisi alimjibu, "Kikundi changu ni cha raha. Mwenye huzuni, njia ile pale." Swala naye huyo.

Siku ya harusi ya Kanga, Njiwa alijitenga, kajikunyata.

"Dada, una nini?" Nyenje akauliza.

"Sijui, mdogo wangu. Kukicha natamani kusikuche. Nikiimba, naona kama anaimba mwingine. Nikisema nitafukuzwa, na sina pa kwenda."

Nyenje akamhurumia sana. Akamwendea Fisi, ambaye alikuwa keshanawa.

"Shikamoo, mkuu. Umesikia ugonjwa ulioingia? Huzuni ikifichwa hushuka tumboni, na hamu ya kula inakufa."

Fisi akashika tumbo. "Inakufa kabisa?"

"Hata mfupa huutaki."

"Dawa yake?"

"Kukaa hapa motoni na kusema yaliyo moyoni. Wengine husikiliza, hakuna kumkatiza mtu. Ila msemaji asile mpaka amalize."

Sinia likatua. Fisi akaliangalia, akameza mate. "Nianze mimi, nimalize upesi. Mimi sina huzuni. Ila nilipokuwa mdogo..."

Ikawa ndiyo moyo umefunguka. Akamsema mama yake, akawasema dada zake, akaisema miguu yake ya nyuma. Wenzake nyam, nyam, nyam, hata Njiwa akadonoa. "Pole, mkuu. Endelea."

"Na hicho mnachokiita kicheko changu," Fisi akasema, machozi yakimtoka, "nani aliwaambia nacheka?"

Wote wakaacha kutafuna. Kweli, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Njiwa akamfuta machozi kwa bawa. "Hata mimi, mkuu," akasema, akaeleza yake yote. Fisi akafungua mdomo aonyeshe njia, akaufunga.

"Leo pumzika, Njiwa. Tutapiga bila wimbo. Na Tumbili na Swala waitwe warudi."

Kisha akageukia sinia. Jeupe. Akalia: hii, hii, hii. Wageni wakaambiana, "Kikundi hiki kina raha kweli."

Hadithi yangu imeishia hapo. Tamu chukueni, chungu niachieni na sufuria lake. Funzo? Ukiwa na huzuni, funga mdomo wako, usimwambie mtu. Ukisema, utakosa pilau. Mkinibishia kwamba Njiwa alisema na akapata nafuu, nitawajibu: Njiwa alikula kwanza.